Je, Mwenyezi Mungu Aweza Kujikana Mwenyewe?

(Maneno yaliyosemwa na makatekista mbele ya walimu na Wakristo waliokusanyika kwa Jubilei ya Dayosisi)



Waliotutangulia kusimama mahali hapa wamesimulia habari za kazi: nani aliyejenga, nani aliyefundisha, safari zilizokwenda kwa miguu, na makaburi yaliyobaki kando ya njia. Tumezisikia habari hizo kwa furaha. Sisi makatekista tumepewa neno la namna nyingine, nalo ni swali. Mungu ambaye aweza yote, je, aweza kutenda kinyume cha vile alivyo? Aweza kusema uongo? Aweza kuvunja agano lake? Aweza kumchukia yule aliyemwumba kwa upendo?

Labda mtu atanong'ona na jirani yake kwamba haya ni maneno ya wenye vitabu, hayawahusu watu wa jembe. Sivyo, ndugu. Swali hili twaulizwa chini ya mwembe na wanafunzi wa ubatizo, twaulizwa na wazee wasiojua herufi moja, tena twaulizwa penye matanga. Mtoto huliuliza kwa mchezo: Mwalimu, Mungu aweza kuumba jiwe zito hata yeye mwenyewe asiweze kuliinua? Ukijibu ndiyo, umekiri kwamba kuna jiwe limshindalo. Ukijibu siyo, umekiri kwamba kuna jiwe asiloweza kuliumba. Darasa hucheka, na mwalimu hutokwa na jasho. Mtu mzima haulizi habari za jiwe. Mtu mzima huuliza: Mungu aliahidi, je, aweza kugeuka? Na huyo hachezi.

Tuanze na lugha yetu, kwa kuwa Kiswahili kina hazina tuipitayo kila siku bila kuinama kuiokota. Katika Imani ya Mitume twamwita Mungu Baba Mwenyezi. Mwenyezi ni mwenye enzi, na enzi ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, maana yake ukuu, utukufu na mamlaka. Basi Mwenyezi si yule awezaye kufanya kila kioja kinachoweza kutajwa kwa ulimi. Ni yule mwenye mamlaka juu ya vitu vyote, asiye na wa kumwamuru. Wakristo wa kwanza waliosema Kiyunani walimwita pantokrator, yaani mtawala wa vyote, yeye avishikaye vyote visianguke. Walatini ndio waliosema omnipotens, muweza wa yote, na hapo ndipo swali letu lilipopata mlango wa kuingilia. Hatusemi kwamba Walatini walikosa. Twasema tu kwamba neno walilolichagua lahitaji kuelezwa, na neno letu lahitaji maelezo machache zaidi.

Liko neno jingine, nalo ndilo tulipendalo kuliko yote. Kwa Kiswahili cha wazee, hasa wa pwani, mtu akisema “siwezi” asiongeze kitu, amekuambia kwamba ni mgonjwa. Umekwenda kumjulia hali jirani, ukabisha hodi, mkewe akakujibu, Leo hawezi. Humwulizi, Hawezi nini? Wajua kwamba yu kitandani. Edward Steere, aliyewekwa askofu mwaka 1874, alikwisha kuyaandika matumizi haya katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Basi kuna kutoweza ambako ni ugonjwa, na mtu akisikia kwamba Mungu hawezi jambo fulani, moyo wake washtuka kana kwamba ameambiwa, Mungu yu kitandani.

Lakini lugha hiyo hiyo yajua kutoweza kwingine. Twasema juu ya mama, Hawezi kumtilia mwanawe sumu. Je, mikono yake haina nguvu ya kushika kikombe? Inayo. Twasema juu ya muungwana, Hawezi kula amana ya yatima. Ufunguo ni wake, sanduku liko chumbani mwake, shahidi hapana, na mwenye kuiweka amana amekwisha kufa. Hata hivyo hawezi. Nani kati yetu amhurumiaye mtu huyo kwa udhaifu wake? Kutoweza kwake ndiyo afya yake. Na yule ambaye aweza kula mali ya yatima, akalala usingizi, akaamka, akanywa uji wake, huyo ndiye hawezi.

Mtu aliyeliona jambo hili kwa macho makali ni Anselm, aliyezaliwa Aosta mwaka 1033, akawa mtawa na abati katika Bec, kisha Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1093 hata kufa kwake mwaka 1109. Kabla ya kuwa askofu, katika miaka ya 1077 na 1078, aliandika kitabu kidogo kiitwacho Proslogion, nacho kimeandikwa kama sala, mtu akizungumza na Mungu wake. Katika sura ya saba amwuliza Mungu swali letu hili waziwazi: wawezaje kuwa mwenyezi, nawe hukuweza kusema uongo, wala kuharibika, wala kuifanya kweli kuwa uongo? Na jibu alilolipata ni kwamba kuweza mambo hayo si kuweza, ni kushindwa. Maana mtu awezaye kusema uongo, uovu una nguvu juu yake, naye hana nguvu juu ya uovu. Kadiri anavyozidi “kuweza” namna hiyo, ndivyo adui yake anavyozidi kumweza. Laiti Anselm angalijua Kiswahili! Asingalihitaji maneno mengi.

Na kabla yake, miaka mia sita na zaidi, alikuwako Augustino, Mwafrika wa kaskazini, askofu wa Hippo, mji ulioko katika nchi iitwayo sasa Algeria. Huyo aliandika kitabu kikubwa juu ya Mji wa Mungu, akikifanyia kazi tangu mwaka 413 hata mwaka 426, baada ya Roma kutekwa mwaka 410 na watu kuuliza enzi ya Mungu ilikuwa wapi. Katika sehemu ya tano asema kwamba hatuupunguzi uweza wa Mungu tusemapo kuwa hawezi kufa wala kudanganyika. Angaliweza hayo, uweza wake ungalikuwa mdogo. Ni kwa sababu ni mwenyezi kwamba mambo mengine hayawezi. Twapenda walimu walishike jina la huyu mzee wa Afrika.

Sasa Maandiko. Mwenye kusoma kwa haraka ataona kana kwamba yagombana. Malaika Gabrieli alimwambia Bikira Mariamu ya kuwa hapana jambo limshindalo Mungu (Luka 1). Bwana wetu akasema kama hayo alipotaja ngamia na tundu la sindano (Mathayo 19). Walakini Waraka kwa Waebrania, katika sura ya sita, wakumbusha kiapo alichoapiwa Ibrahimu, na wasema kwamba Mungu kusema uongo ni jambo lisilowezekana. Yakobo asema kwamba uovu hauwezi kumjaribu. Na Mtume Paulo amwandikia Timoteo, katika waraka wa pili, sura ya pili, kwamba uaminifu wa Mungu hautegemei uaminifu wetu, kwa kuwa kujikana mwenyewe hawezi. Angalieni Paulo alikuwa wapi alipoyaandika hayo. Alikuwa kifungoni, mwenye minyororo, na mistari michache kabla ya neno hilo aitaja minyororo yenyewe. Mfungwa hana faida na Mungu awezaye kugeuka. Neno “hawezi”, ambalo kwa mtoto wa darasani ni kitendawili, kwa mtu wa gerezani lilikuwa ukuta wa kuegemea.

Jambo la jiwe tulimalize upesi, maana si zito kama lionekanavyo. Thomas wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha kwamba maneno yanayojipinga yenyewe hayataji kitu chochote, na kwa hiyo ni afadhali kusema kwamba jambo hilo haliwezi kufanyika kuliko kusema kwamba Mungu hawezi kulifanya. Tutoe mfano wa kwetu. Je, Mungu aweza kumfanya mjane ambaye mumewe yu hai? Aweza kumfufua yule mume, naam; lakini siku ile ile mwanamke ameacha kuwa mjane. “Mjane mwenye mume hai” si mtu aliyejificha mahali ambapo mkono wa Mungu haufiki. Si mtu kabisa. Ni sauti mbili zilizogongana kinywani. Na “jiwe asiloweza kuliinua Mwenye kuinua vyote” ni vivyo hivyo. Jirani zetu Waislamu nao wamelinena jambo hili: Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye aliutetea uweza wa Mungu kwa nguvu sana mbele ya wanafalsafa, hata yeye alikiri kwamba lisilowezekana kwa kujipinga lenyewe halimo katika hesabu ya mambo yawezwayo. Ikiwa kijana wa pwani atabishana na mwenzake wa dini nyingine juu ya jiwe, heri wajue kwamba hapa wakubwa wao hawakubishana.

Lakini kuna shaka moja yenye nguvu kuliko jiwe. Mtu atasema: Basi Mungu wenu amefungwa. Ana sheria juu yake, iitwayo tabia yake, nayo yamzuia. Twamkumbuka Dario, mfalme wa Wamedi na Waajemi, katika kitabu cha Danieli. Alitia sahihi amri, kisha amri ikamnasa rafiki yake. Akajitahidi hata jua likachwa apate kumwokoa Danieli, asiweze, kwa kuwa amri ya mfalme haigeuzwi. Twamkumbuka na Herode, aliyeapa mbele ya wageni wake karamuni, akaletewa ombi la kichwa cha Yohane, akahuzunika, akatoa. Hao ni wenye enzi waliofungwa kweli. Je, Mungu yuko kama hao?

Tazameni vema kilichowafunga. Dario alitaka jambo moja, na sheria ikataka jingine. Herode moyo wake ulivutwa huku, na aibu ya wageni ikamvuta kule. Mfungwa ni mtu mwenye mapenzi mawili, au mwenye mapenzi yake na kamba ya mwingine. Kwa Mungu hakuna mbili hizi. Hatusemi kwamba Mungu atamani kudanganya, na kweli ikamshika mkono. Kweli siyo kamba aliyofungwa. Kweli ndiyo yeye. Ndiyo sababu tumejihadhari na maneno. Neno “tabia” kwetu hudokeza mazoea, na mazoea huzuka na kukoma. Neno “umbile” latufaa sisi viumbe, bali yeye hakuumbwa. Tumeona ni salama zaidi kusema “vile alivyo”. Jua haliwezi kutoa giza, wala hakuna mtu aliyepata kulihurumia jua kuwa ni mtumwa wa nuru. Mfano huu una upungufu, kwa kuwa jua halina hiari na Mungu anayo. Lakini hiari yake haipigani na wema wake kama hiari zetu zipiganavyo na wema wetu saa kumi na moja ya alfajiri kengele inapolia.

Wako waliojaribu kumfungulia Mungu hata pasipokuwa na kamba. Mfaransa Descartes, katika barua alizomwandikia padre Mersenne mwaka 1630, alisema kwamba hata kweli za hesabu zimewekwa na Mungu, kama mfalme awekavyo sheria katika nchi yake. Alikusudia kumtukuza. Lakini ukilifuata neno hilo hata mwisho wake, utafika mahali pa hatari. Maana ikiwa kweli na wema ni amri tu, iliyotolewa leo na iwezayo kufutwa kesho, basi tusemapo Mungu ni mwema tumesema tu kwamba Mungu ana nguvu. Sifa yetu imekuwa sifa ya mtumwa kwa bwana mwenye fimbo. Ibrahimu hakuomba hivyo alipowaombea watu wa Sodoma. Alisimama mbele za Mungu akamwuliza kama Mwamuzi wa ulimwengu wote hatatenda haki. Naye hakukemewa.

Walimu wenzetu, hapa tutakaa kidogo. Sisi tunaofundisha tuna hatari yetu. Watu wetu wamekwisha kuona wenye nguvu wa namna nyingi, na ishara ya nguvu waliyoijua mara nyingi ilikuwa hii: mkubwa aweza kuvunja neno lake, mdogo hawezi. Mdogo akiahidi, ahadi ni deni; mkubwa akiahidi, twangoja tuone. Mtu mwenye mazoea hayo akiambiwa kwamba Mungu ni mkubwa kuliko wakubwa wote, yamkini atamsadiki kuwa ndiye mvunja ahadi kuliko wote. Na mwalimu aweza kumsaidia kupotea, kwa kuwatisha watoto kwamba Mungu aweza kuwafanyia lo lote apendalo, pasipo kusema apenda nini. Tumekutana na mama aliyebatizwa miaka mingi, mwenye kuhudhuria kila Jumapili, ambaye hakupata kulala vizuri baada ya Komunyo, kwa kuwa hakujua kama msamaha wa jana ungali una nguvu leo. Hakuwa na dhambi ya kuficha. Alikuwa na Mungu ambaye hakumjua kesho ataamkaje.

Sasa tufike penye fundo lenyewe, ambalo Wakristo wa zamani walilipigania sana. Mwaka 384 Jeromu, akiwa Roma, alimwandikia barua msichana aitwaye Eustochium aliyejiweka wakfu kwa Mungu. Ndani yake alisema kwamba ingawa Mungu aweza yote, kumwinua tena bikira baada ya kuanguka hawezi. Neno kali! Karibu miaka mia saba ikapita. Yapata mwaka 1065, Petro Damiani, mtawa aliyefanywa Kardinali Askofu wa Ostia, alikuwa mezani pamoja na Desiderius, abati wa Monte Cassino, neno hilo la Jeromu likatajwa. Desiderius alilitetea. Petro Damiani hakuridhika, akaandika waraka mrefu juu ya uweza wa Mungu. Alisema kwamba Mungu aweza kumrudisha aliyeanguka, katika stahili yake na hata katika mwili wake. Nani amwekeaye Mungu mpaka wa kuponya? Kutoka hapo akaingia katika swali lenye kina zaidi, kama Mungu aweza kulifanya lililokwisha kuwa lisiwe limekuwa, na wasomaji wake wangali wakibishana hata leo juu ya alichokusudia hasa.

Baadaye Thomas wa Akwino alilipima neno la Jeromu, naye akalikata mahali palipostahili kukatwa. Mungu aweza kuondoa uharibifu wote wa roho na wa mwili kwake aliyeanguka. Lakini kwamba aliwahi kuanguka, hilo haliondoki; na kadhalika kwa kila mwenye dhambi. Atasamehewa, ataponywa, atafanywa mpya. Lakini haitakuwa kamwe kwamba hakutenda.

Twajua kwamba neno hili lasikika kuwa gumu. Kwetu husemwa, maji yakimwagika hayazoleki, na wasichana wangapi wamepigwa kwa methali hiyo! Jamaa zake humwambia hivyo, jirani humwambia hivyo, hata walimu. Msichana akija kwetu na kuuliza kama Mungu aweza kumfanya kana kwamba halikutokea, tumjibu nini? Tukimwambia ndiyo, tumemdanganya. Tukimwambia hawezi tukanyamaza, tumemwachia Jeromu peke yake bila Petro Damiani wala Thomas. Yatupasa kumwambia yote. Jambo halifutiki, uharibifu wafutika. Wala asidhani kwamba yeye yu peke yake katika hali hiyo, kwa kuwa Petro aliyemkana Bwana mara tatu hakupata kuwa mtu ambaye hakumkana. Injili zote nne zimeandika kukana kwake. Tena huyo ndiye aliyekabidhiwa kondoo.

Tazameni na Jubilei yenyewe, ambayo kwa jina lake tumekusanyika. Katika Mambo ya Walawi, sura ya 25, mwaka wa hamsini aliyeuza shamba la baba zake hurudishiwa, na aliyejiuza kwa ufukara huenda zake huru. Sheria haikusema, Na ihesabiwe kwamba hakuuza. Aliuza. Mkataba ulikuwako, na miaka ya kulima shamba la mwingine ilikuwako, na mgongo wake waikumbuka. Lakini shamba ni lake tena.

Na Bwana wetu alifanya vivyo hivyo. Pale Naini alipokutana na jeneza la kijana, mwana wa pekee wa mjane, hakuigeuza saa ile ya kufa isiwe imekuwa. Alimfufua, akampa mama yake. Machozi yaliyokwisha kulia yalikuwa machozi ya kweli, na kifo kilikuwa kifo cha kweli, na uzima ulikuja baada yake. Hata katika mwili wake mwenyewe, Baba alipomfufua, hakuzifuta alama za misumari. Tomaso alizionyeshwa. Mungu mwenye kuweza yote aliacha jana ya Mwanawe ibaki imeandikwa mikononi mwake.

Tulikuwa siku moja penye matanga ya mtoto wa miaka minne. Tulipokwisha kusali, mama yake alisema mbele ya watu wote, “Mwalimu, mimi sitaki kuambiwa habari za mbinguni leo. Kama Mungu aweza yote, namwomba neno moja: jana isiwe imekuwa.” Watu walinyamaza. Nasi tulinyamaza, maana si saa ya kufundisha Summa ya Thomas. Alikuwako bibi mmoja wa nyumba ile, amekaa kitako karibu na mlango. Akamwambia, “Mwanangu, Mungu akianza kufuta jana, ataishia wapi? Na juzi itakwenda. Na siku uliyomzaa itakwenda. Wewe wataka asiwe amekuwako?” Yule mama akalia tena, lakini kwa namna nyingine.

Vitabu vya wenye elimu hatukupata kuona ndani yake jibu lililo bora kuliko la bibi yule, ingawa hakuvisoma. Mungu asiyeweza kuikana kweli hawezi kuifanya ajali isiwe imetokea. Na kwa kutoweza huko huko hawezi kumfanya mtoto asiwe ameishi, asiwe amebatizwa, asiwe ameitwa kwa jina. Lililokuwa limekuwa. Hapana mfalme, hapana njaa, hapana usahaulifu wa wajukuu uwezao kuliondoa mbele zake. Na wale wazee wetu waliotajwa asubuhi, waliokwenda na vitabu vichwani kutoka kijiji hata kijiji, ambao wengine hatujui makaburi yao yako wapi, wamo katika hesabu hiyo.

Labda mtu atauliza: Kama ni hivyo, mbona twaomba? Kama Mungu hawezi kuwa mwingine, maombi yataleta nini? Kutobadilika kwa vile alivyo siko kutotenda. Mama asiyeweza kumpa mwanawe sumu aweza kumpa uji, maziwa, dawa chungu, kofi, au usingizi. Ana njia elfu za kuwa mama. Wala si kila tuombalo ni kinyume cha Mungu au ni lazima kwake. Mvua, kupona kwa mgonjwa, kurudi kwa aliyepotea, hayo yote yawezekana, naye aweza kuyatoa au kutoyatoa. Bustanini Getsemane Bwana alimwambia Baba kwamba mambo yote yawezekana kwake, akaomba kikombe kimwondokee. Hakikuondoka. Sababu zake zote hatuwezi kuzieleza kwa saa moja, wala kwa mwaka. Lakini twaona kwamba neno lililotangulia kinywani mwake lilikuwa “Baba”, na uweza ukafuata.

Imani ya Mitume nayo imepanga hivyo hivyo: Baba kwanza, kisha Mwenyezi. Basi katika mafundisho ya wanafunzi wa ubatizo twawaomba walimu waishike taratibu hiyo. Somo la uweza wa Mungu lisifundishwe kabla ya somo la ubaba wake, hata ikiwa kitabu kilichoko mkononi kimepanga vinginevyo. Mtoto aliyesikia uweza kwanza humwogopa Mungu kama simba, na kumgeuza baadaye ni kazi ya miaka.

Na akitokea mmoja wa kuuliza habari za jiwe, asichekwe wala asitolewe nje. Ajibiwe kwa mfano wa mjane mwenye mume hai, ataelewa, maana watoto hupenda maneno yagongapo. Kisha darasa likitoka, mwalimu amwite kando amwulize kwa upole kama nyumbani ni wazima. Mara nyingi kuna mtu nyumbani ambaye hawezi.